Baraza la Ushauri Halitoi Hela: Linatoa Nini?

Safu ya maswali ya wasomaji. Barua za Tanga zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu wenye Ulemavu. Wengi wamelisikia kwenye hotuba, wachache wanajua kazi yake, na wapo waliopoteza nauli wakilitafuta. Tumechagua barua nane. Majina tumeyafupisha.

Asalaam aleikum wahariri. Mwanangu ana miaka 7, hatembei. Nimeambiwa kuna Baraza la Taifa la wenye ulemavu. Naomba kujua ofisi yake hapa Tanga iko wapi, nikaombe kitimwendo. — Mama Z., Makorora

Waaleikum salaam, mama. Usifunge safari kwa ajili ya Baraza. Halina dirisha la kugawa vifaa, Tanga wala Dodoma. Kazi yake ni kumshauri Waziri. Kitimwendo kinaanzia kwa Ofisa Ustawi wa Jamii. Muulize mtendaji wako wa kata kama yupo hapo katani, la sivyo nenda ofisi za Halmashauri ya Jiji. Omba akuandikie barua ya kukupeleka kwa wataalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ili mtoto apimwe.

Tunasisitiza kupimwa kwa sababu viti vingi vya msaada huja vya saizi moja. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu. Cha kwanza ni upana wa nyonga mtoto akiwa ameketi, na kiti kiwe cha upana huohuo. Cha pili ni urefu kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti. Ukipunguza sentimita 3 hadi 6 unapata kina cha kiti. Cha tatu ni urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, unaoonyesha sehemu ya kukanyagia iwe wapi. Mtoto akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja, uti wa mgongo ukapinda, na ukingo wa kiti ukambana nyuma ya magoti. Baada ya hapo huja vidonda vya kukalia, ambavyo huchukua muda mrefu kupona. Kwa hiyo ulizia na mto wake maalumu, usitosheke na kiti chenyewe. Halafu waeleze njia yako ya nyumbani ilivyo. Kama ni mchanga, magurudumu madogo ya mbele yatazama, na utakuwa unakibeba kiti badala ya kiti kumbeba mtoto.

Baraza linaingia pale inapoonekana kwamba si wewe peke yako. Ikiwa mkoani kuna watoto 60 wanaosubiri viti na hakuna fungu la vifaa kwenye bajeti, hilo ni la sera. Namna ya kulifikisha tumeieleza katika jibu la tatu.

Kama halitoi vifaa wala fedha, basi linafanya nini? Si ni posho tu za vikao? — Mzee wa Chumbageni

Shikamoo mzee. Baraza ni mshenga: hupeleka maneno, haoi. Na mshenga hupimwa kwa anachokwenda kukisema.

Liliundwa kwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kabla ya hapo kulikuwa na Sera ya Taifa ya mwaka 2004, ambayo ilisema mengi mazuri bila kumbana mtu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 4 ya Mkataba huo inaitaka serikali ishauriane na watu wenye ulemavu wenyewe, kupitia vyama vyao, inapotunga sheria na sera zinazowahusu. Ibara ya 33 inataka pawe na mfumo wa kufuatilia kama yaliyoahidiwa yanatekelezwa. Baraza ni sehemu ya jibu la nchi kwa madai hayo mawili. Linamshauri Waziri mwenye dhamana, ambaye kwa miaka mingi sasa amekuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kukaa hapo kuna faida: suala la ulemavu haliishii wizara moja. Rampu, yaani njia ya mteremko, ya shule ni ya elimu na serikali za mitaa, kituo cha mabasi ni cha uchukuzi, ajira ni ya kazi. Aliye karibu na Waziri Mkuu ana njia fupi ya kuwafikia wote.

Mipaka yake nayo ni hii: ushauri si amri. Waziri anaweza kuupokea, kuuweka kando au kuuchelewesha. Baraza halina polisi, halitozi faini, halimfukuzi mkurugenzi. Anayelitarajia liwe mahakama atalichukia bure.

Tukupe mfano wa kazi ambayo ni ya Baraza hasa. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Sasa piga hesabu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6. Ya watu 33 ni 0.99. Inafika mtu mmoja kamili kwa wafanyakazi 34. Mwajiri wa Tanga mwenye watu 25, akiwa hana nia njema, atakuambia hesabu yake haijafika mtu, ingawa sheria imeanza kumhesabu tangu watu 20. Mwenye watu 400 anadaiwa 12 bila ubishi. Kanuni moja fupi, kwamba sehemu yoyote ya mtu ihesabiwe mtu mmoja, ingefunga mwanya huo. Ofisa Kazi hawezi kuitunga, diwani hawezi. Anayeweza ni Waziri, na wa kumwekea hoja mezani ni Baraza. Jambo la namna hii halina kamera wala makofi, lakini ndilo linaloamua watu wangapi waajiriwe.

Kuhusu posho, chombo chochote cha ushauri kikikosa hoja kutoka chini hubaki na vikao tu. Tunakubaliana nawe kwamba kumkumbuka mtu mwenye ulemavu tarehe 3 Desemba, siku yake ya kimataifa, kwa fulana na maandamano, halafu kimya miezi 11, si ushirikishwaji. Ila dawa yake si kulifuta Baraza, ni kulipatia kazi.

Zahanati yetu ina ngazi tatu mlangoni. Wajawazito, wazee na wenye viti wanabebwa. Tumelalamika mpaka tumechoka. Tulifikishe vipi kwenye hilo Baraza? — Kundi la akina mama, pembeni mwa Jiji

Dada zetu, tatizo hili lina nusu mbili, na mkizichanganya zote zitakwama. Nusu ya kwanza ni hiyo zahanati yenu, ambayo ni ya kata na halmashauri. Nusu ya pili ni kwa nini majengo ya umma yanaendelea kujengwa bila njia ya mteremko, na hiyo ndiyo ya Baraza. Anzeni na ya kwanza, kwa sababu ikiandikwa vizuri ndiyo inayogeuka kuwa ushahidi wa ile ya pili.

Kulalamika kwa mdomo hakuachi alama. Chukueni futikamba. Tuseme kila ngazi ina kimo cha sentimita 17. Tatu ni sentimita 51. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya kitimwendo ni kimo 1 kwa urefu 12. Kwa hiyo 51 mara 12 ni sentimita 612, yaani mita 6 na kidogo. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanaona nafasi iliyopo mbele ya mlango ni mita 2, wanamwaga zege la mita 2, wanasema tayari. Hiyo si rampu, ni kilima. Mtu akishuka nayo anaanguka kifudifudi, akipanda anarudi nyuma. Nafasi ikiwa fupi, njia hukunjwa ikapita ubavuni mwa jengo, na kila panapokunjwa pawe na sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kiweze kugeuka. Juu, mbele ya mlango, sehemu bapa kama hiyo ni lazima. Bila hiyo aliyekaa kitini hawezi kuvuta mlango huku anashikilia magurudumu yasirudi.

Upana uwe mita 1.2. Pembeni wekeni kingo ya zege ya sentimita 10 gurudumu lisitumbukie, na vishikio pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 90 hivi. Sakafu isisuguliwe ikawa laini, wala isiwekwe vigae. Zege likiwa bado bichi lichorwe kwa fagio gumu, mistari ikate njia. Masika ya Tanga hayana simile na sakafu laini. Angalieni pia rampu inaishia wapi. Tumeona michoro ambayo njia inashuka vizuri halafu inamwaga mtu kwenye mtaro ulio wazi. Mfuniko wa mtaro uingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kwa vipimo hivi, sakafu ya zege ya unene wa sentimita 10 ni kama mita za ujazo 0.74. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni mifuko 5 ya saruji kwa sakafu hiyo. Ukuta wa pembeni, kingo na lipu vina hesabu yake, na chini hujazwa mawe na kifusi kilichoshindiliwa. Mji wenye kiwanda cha saruji pale Pongwe usishindwe na mifuko hiyo.

Sasa andikeni ukurasa mmoja. Tajeni zahanati, kimo cha ngazi, urefu wa njia unaohitajika, idadi ya waliobebwa kwa mwezi mmoja (mwombeni muuguzi awasaidie kuhesabu, bila majina), vifaa vinavyotakiwa na nguvu kazi mtakayotoa wenyewe. Muupeleke kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa au kijiji. Sheria ya 2010 imezitaja kamati hizi kuanzia chini kabisa hadi mkoa, na ndizo mshipa unaoliunganisha Baraza na watu. Mkiambiwa haipo, ombeni iundwe kwenye mkutano mkuu na iandikwe kwenye muhtasari. Mkiambiwa ipo, ombeni kuona muhtasari wa kikao chake cha mwisho. Kamati nyingi zipo kwa majina tu, zimebandikwa ukutani.

Kutoka mtaani, hoja inakwenda kwa mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ndiye mwenyekiti. Ikipita hapo inaingia halmashauri. Wakati ni jambo kubwa kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili, na halmashauri huwa zimeshafunga hesabu zao kabla ya hapo. Hoja inayofika katani Mei ni ya mwaka mwingine. Ifike kabla ya Desemba. Nakala moja wekeni muhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo.

Nusu ya pili inapandia hapohapo. Kamati ya mkoa ikipokea kurasa kama hizo kutoka halmashauri kadhaa kati ya 11 za Mkoa wa Tanga, ina neno la kumwambia Baraza: majengo kadhaa, yamejengwa lini, yamekaguliwa na nani, yamepokelewa bila rampu. Hapo Baraza linaweza kumshauri Waziri kwamba jengo la umma lisikabidhiwe mpaka fomu ya ukaguzi iwe na kipengele cha njia ya mteremko, mlango wa sentimita 90 na choo. Bila kurasa hizo, taarifa inayopanda huandikwa maneno yaleyale ya siku zote, "changamoto: uelewa mdogo wa jamii", na ushauri unaotoka juu yake unakuwa wa jumla vivyo hivyo.

Mwenyekiti wa mtaa wetu anasema wenye ulemavu ni 9 tu. Mtaa una watu kama 2,000. Hii ni kweli? — Kijana wa Mwanzange

Inatia shaka. Sensa ya 2022 ilipata asilimia 11.2 ya watu wenye miaka 7 na zaidi nchini wana ulemavu. Wastani wa taifa usiubandike mtaani kwako kama ulivyo, lakini 9 kati ya 2,000 ni chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa kawaida daftari la namna hiyo limeandika wanaoonekana barabarani: mwenye kitimwendo, mwenye fimbo nyeupe, mwenye ualbino. Kiziwi ameachwa, mwenye ulemavu wa akili amefichwa chumba cha uani, bibi asiyeona vizuri ameambiwa ni uzee.

Kosa liko kwenye swali. Ukibisha hodi ukauliza "hapa pana mlemavu?", jibu ni hapana, na pengine utafukuzwa. Uliza kuhusu ugumu. Yapo maswali 6 yanayotumika duniani kote kwenye sensa na tafiti: je, mtu anapata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, kuwasiliana kwa lugha yake ya kila siku, kuelewa na kueleweka. Majibu ni manne: hapana ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Aliyejibu "ugumu mkubwa" au "hawezi kabisa" kwenye swali hata moja, mwandike. Ualbino uwe na kisanduku chake, maana maswali hayo huweza kumruka. Kwa watoto chini ya miaka 5 usiyatumie. Hawa waachie kliniki.

Majina yasisomwe mkutanoni. Kifafa na maradhi ya akili bado vinavunja uchumba na kufukuzisha watu kwenye nyumba za kupanga. Kwenye mkutano peleka idadi tu, kwa aina na kwa jinsia. Idadi hiyo ndiyo inayohitajiwa na Baraza, jina halihitaji.

Tuko wanne, wote tuna ulemavu, tunauza samaki wa kukaanga Deep Sea. Baraza linaweza kutusaidia tupate mkopo wa asilimia 2? — M.H.

Mkopo huo si wa Baraza, ni wa halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya 2018, inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kupotea na vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nendeni kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mtahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba yenu, akaunti ya benki na andiko la biashara. Idadi ya wanakikundi kwa watu wenye ulemavu imelegezwa kuliko kwa makundi mengine, kwa hiyo wanne msikatishwe tamaa; ulizeni kanuni inayotumika sasa.

Andiko ndilo linaloangusha wengi. "Tunaomba mtaji wa samaki" haitoshi. Semeni mnanunua ndoo ngapi kwa siku, bei ya bamvua na bei ya kiangazi, mafuta lita ngapi, mkaa gunia ngapi kwa wiki, kinachobaki bila kuuzwa mnakifanyaje, na kwa mwezi mtarejesha kiasi gani samaki wakiwa haba. Kamati inayopitia maombi inajua bahari ina siku zake. Andiko lenye faida ileile miezi 12 linaonekana mara moja kwamba limenakiliwa.

Baraza linahusika na jambo moja hapa. Kama kila mwaka ile asilimia 2 inarudi bila kuombwa, au inaishia mikononi mwa watu wasio na ulemavu waliomweka mmoja mbele kama pambo, huo ni udhaifu wa kanuni, na kanuni inarekebishwa juu. Halmashauri yenye mapato ya bilioni 5 hutakiwa kutenga milioni 100 kwa kundi hili. Diwani wenu ana haki ya kuuliza kwenye Baraza la Madiwani zimekwenda wapi.

Mimi ni kiziwi. Nikiitwa kwenye mikutano ya ushauri nakaa kama picha. Mkalimani hakuna, au analetwa mtu anayepunga mikono tu. Ushauri gani huo? — S., Ngamiani

Hoja yako ni nzito kuliko nyingine zote tulizopokea, kwa sababu chombo cha ushauri kisichokusikia hakina cha kushauri. Barua ya mwaliko ikifika, ijibu kwa maandishi ndani ya siku mbili: nitahudhuria, natumia Lugha ya Alama ya Tanzania, naomba mkalimani anayetambuliwa na chama cha viziwi. Ukinyamaza mpaka siku ya kikao, watasema hukusema. Nakala mpe kiongozi wa tawi la chama hicho, CHAVITA, naye alifikishe kwenye shirikisho la vyama, SHIVYAWATA, ambalo sauti yake inafika Baraza.

Waandaaji nao wasome hapa. Kikao kinachozidi saa moja kinataka wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30. Mmoja akichoka huanza kuruka maneno, na anayeumia ni kiziwi, si yeye. Mkalimani asimame karibu na mzungumzaji, mwanga umpige usoni, dirisha lisiwe nyuma yake, la sivyo mikono inageuka kivuli. Hotuba na majedwali apewe siku moja kabla. Wazungumzaji wawili wasiongee kwa pamoja. Gharama iwekwe kwenye bajeti ya kikao tangu awali, pamoja na chai na ukumbi. Tukikuta chai ipo na mkalimani hayupo, tunajua nani hakutarajiwa kuzungumza.

Na yule asiyeona apewe ajenda kwa nukta nundu au faili la simu linalosomeka kwa sauti, si picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu. Picha hiyo kwake ni ukurasa mtupu.

Kaka yangu alipoteza mkono, mwajiri akamwachisha kazi. Tumeandika barua kwa Baraza la Taifa, wiki ya tatu sasa hatujajibiwa. — Nguvumali

Acheni kusubiri, siku zinakwisha. Madai ya kuachishwa kazi isivyo haki yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mnajaza Fomu Na. 1, mnampa mwajiri nakala kwanza mkiwa na ushahidi kwamba amepokea, kisha mnaiwasilisha ofisi ya Tume. Zikipita 30, itabidi muombe kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyochelewa. "Tulikuwa tunasubiri jibu la Baraza" ni sababu dhaifu. Kama alikuwa hajafikisha miezi 6 kazini, kinga ya kuachishwa isivyo haki haimfikii, lakini ubaguzi kwa sababu ya ulemavu umekatazwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 bila kujali miezi, na mgogoro wa aina hiyo una siku 60. Msaidizi wa kisheria wa wilaya anaweza kuwajazia fomu bila malipo. Barua kwa Baraza haikuwa kosa, ila haisimamishi saa ya Tume.

Shangazi yangu yuko Lunga Lunga, ana kadi ya Baraza la Kenya. Binamu zangu wako Wete. Mimi niko Horohoro, Mkinga. Mbona mabaraza haya hayafanani? — Bi. R.

Kwa sababu ni ya sheria tatu. La Kenya lilianza kazi 2004 chini ya sheria yao ya 2003, ambayo mwaka 2025 ilipata mrithi. Lile ni la kutekeleza: linasajili watu, linatoa kadi, linahudumia moja kwa moja. La kwetu bara ni la kushauri, na huduma zimebaki kwa halmashauri na wizara. Wapo wanaotamani nasi tuwe na chombo cha kutekeleza. Sisi tungependa kwanza kuona kamati za mitaa zikifanya kazi, maana chombo kikubwa Dodoma bila miguu chini kitasajili wa mjini tu.

Pemba si eneo la Baraza hili. Zanzibar ina Baraza lake la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lililoanzia kwenye sheria ya 2006 na sasa liko chini ya sheria ya 2022. Binamu wa Wete aanzie kwa sheha wake. Nawe Horohoro uanzie kwa mtendaji wa kijiji. Kadi ya shangazi haikupi haki yoyote upande huu wa mpaka, hata ukiwa unavuka kila siku kwenda sokoni.